Mjomba, Huku Hakuna Ruaha Mbuyuni

Edmonton, Kanada, Mei

Mjomba,

Theluji imeyeyuka na watu wameanza kusalimiana tena. Nilipokwambia kwamba mwisho wa Juni tutaendesha gari hadi Tuktoyaktuk, uliniuliza swali la dereva wa siku nyingi: "Njiani mtakula wapi?" Jibu ninalo, ila halitakupendeza.

Tuanze na umbali. Kutoka hapa hadi Tuktoyaktuk, ukingoni mwa Bahari ya Aktiki, ni kama kilomita 3,400. Kwa lori lako la zamani hiyo ni Dar–Tunduma na kurudi, kisha Tunduma tena, halafu ugeuze hadi Mikumi. Wewe hilo halikutishi. Lakini barabara yako ina Chalinze na Makambako, na pale Ruaha Mbuyuni hata hujasimama mtu ameshakusukumia vitunguu dirishani. Huku, ukishaingia barabara ya Dempster, kituo cha kwanza cha mafuta ni Eagle Plains, kilomita 369 mbele. Katikati hakuna kijiji, hakuna gereji, hakuna mama ntilie, na simu haishiki. Kuna mahali barabara yenyewe imepanuliwa ili ndege itue kukiwa na dharura. Kwa hiyo, Mjomba, pamoja na kuangalia vioo vya pembeni, nitakuwa natazama na juu.

Mwenzetu wa safari ni jirani mmoja wa Bukavu. Nilipomwambia kwamba Dempster karibu yote ni changarawe, kama kilomita 740, akauliza, "Ni mubaya kupita ya Shabunda?" Nikamwambia haifiki huko. Akasema, "Basi ile ni lami," akarudi kwenye chai yake.

Changarawe hiyo si uvivu wa serikali. Ardhi ya kule chini imeganda mwaka mzima, na ukiiacha ipate joto inayeyuka na kuzama na barabara yako. Wahandisi wakailaza njia juu ya tuta nene la kokoto, godoro la kuzuia joto lisishuke. Tatizo ni kwamba kokoto zenyewe zina makali. Kila anayeijua njia hii anasisitiza matairi mawili ya akiba, na mimi nimenunua, pamoja na madumu ya mafuta, pampu ya upepo na vyandarua vya kuvaa usoni. Ndiyo, mbu wapo, tena wengi, ila hawana malaria. Mama amekataa kabisa kuamini.

Kabla ya Dempster kuna barabara ya Alaska, na hii nataka uwasimulie wazee hapo barazani. Inaanzia Dawson Creek, na Wamarekani waliichonga mwaka 1942 katika muda wa miezi minane hivi, wakihofia Wajapani baada ya Pearl Harbor. Wanajeshi waliozidi 10,000 waliifanya kazi hiyo, na karibu theluthi moja walikuwa weusi, wengi wao kutoka majimbo ya joto ya kusini, katika jeshi lililowatenga na wenzao wazungu. Oktoba mwaka huo, karibu na Beaver Creek huko Yukon, tingatinga lililotoka kaskazini lilikutana na lililotoka kusini. Moja aliliendesha Refines Sims, mweusi wa Philadelphia, na jingine Alfred Jalufka, mzungu wa Texas. Wakapeana mikono, wakapigwa picha. Nikifika Yukon nitapiga honi mara moja kwa ajili ya Sims, kwa niaba ya chama cha madereva wa Tanga.

Dempster nayo ina kisa chake. Majira ya baridi ya 1910 kuingia 1911, Inspekta Francis Fitzgerald wa polisi aliondoka Fort McPherson kwenda Dawson na wenzake watatu, kwa sleji za mbwa. Chakula alibeba kidogo ili aende mbio. Njiani walikuwa na kiongozi, mwenyeji Mgwich'in aitwaye Esau George. Wakamlipa, wakamrudisha. Halafu wakapotea, wakala mbwa wao, wakafa wote wanne. Aliyetumwa kuwatafuta akaikuta miili yao ni William Dempster, na barabara ndiyo ikapewa jina lake. Ninakusikia kutoka huku ukigonga meza: "Mwenyeji anarudishwaje?"

Habari njema ni mito. Peel na Mackenzie tunavuka kwa feri, na feri ni bure. Niliuliza mara mbili. Wakati wa baridi magari hupita juu ya barafu yenyewe, na barafu ikiwa haijaamua kama ni barafu au maji, havuki mtu.

Mwambie Shangazi, aliyeuliza tutaswali vipi Maghribi pahala jua halizami, kwamba Inuvik pana msikiti. Mwaka 2010 waliujenga Winnipeg, wakaupandisha kwenye lori, kisha tishari likaushusha kwa mto Mackenzie, safari ya kama kilomita 4,000. Mjomba, umebeba saruji, mahindi, hata ng'ombe, lakini msikiti hujawahi. Na kwa kuwa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua la huko haligusi upeo, Waislamu wa Inuvik wamezoea kufuata saa za Edmonton. Yaani tutasafiri njia yote hiyo, tufike, tufuate saa ya nyumbani kwetu.

Limebaki jambo moja, ndilo linalogawa nyumba. Mke wangu ameficha ng'onda wa Tanga kwenye mizigo, wale samaki wakavu mliotutumia. Huku ni nchi ya dubu, na dubu ananusa chakula kutoka mbali mno. Hata dawa ya meno hailazwi hemani. Nimemwomba ng'onda wabaki. Amejibu kwamba wewe ndiye uliyeuliza tutakula wapi. Kwa sasa tumekubaliana wapakiwe kwenye pipa la chuma, walale mbali na hema, na zamu ya kwanza ya kulilinda pipa apewe mtu wa Bukavu. Yeye bado hajaambiwa.

Mwanao wa Edmonton