Harufu ya Farasi katika Bilauri

Kriek, yaani bia ya Ubelgiji ambayo cheri kali hulowekwa ndani ya lambiki, pombe ya shayiri na ngano inayochachushwa na hamira-mwitu za hewani pembezoni mwa Brussels, huonjwa na majaji wanaozungusha bilauri, wakafumba macho, kisha wakatamka kwa unyenyekevu kwamba inanuka blanketi la farasi. Na hiyo, msomaji asikosee, ni sifa. Mbege ya Wachaga, iliyopikwa kwa ndizi mbivu, ikatiwa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, haijabahatika kupata msamiati huo, kwa kuwa mnywaji wake, akikuta katani harufu ya mnyama yeyote, humwita mpishi.