Kwani Nauli Hamna?

Mtu wa ofisini humwelewa haraka mwenzake anayesema, "Nitaendesha baiskeli kilomita kadhaa, wewe uchangie." Anaumia mmoja, analipa mwingine, shule inapata madawati. Shida huanza pale maelezo hayo yanapotolewa pembeni ya barabara ya Bukoba kwenda Muleba, kwa mwanaume aliyefunga mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria ya baiskeli kuukuu ya Phoenix na ambaye hajaahidiwa hata shilingi kwa kila kilomita.

"Mmebeba nini, kaka?"

"Hatujabeba kitu."

"Sasa mnakwenda wapi?"

"Muleba. Tunachangisha."

Mwenye ndizi alizitazama zile suruali za kubana, akatazama chupa za maji, akauliza kwa huruma kabisa: "Kwani nauli hamna?"

Nchi yenyewe haina ugeni na safari za namna hii. Tangu 2019 msafara wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere, zaidi ya kilomita 1,000, na njiani washiriki hupanda miti na kusaidia shule. Mwalimu mwenyewe, mwaka 1967, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na akili: miguu haipati pancha.

Kundi la Bukoba lilikuwa dogo na halikuwa na azimio kubwa hivyo. Marafiki wachache, wengi wao watu wa kukaa kwenye viti vya ofisini vyenye magurudumu, walichagua kilomita 70 hivi kwa kuwa ramani ilionyesha Ziwa Victoria liko kushoto karibu muda wote. Wakahitimisha kwamba panapokuwa na ziwa, pako tambarare. Ziwa ni tambarare kweli, mita zake 1,134 juu ya usawa wa bahari hazipandi wala hazishuki kwa sababu ya mtu. Nchi kavu ndiyo haikushauriwa. Pwani hiyo imepangwa matuta kwa matuta, na barabara inayapanda, inayashuka, kisha inayapanda tena.

Kwenye mlima, mwenye ndizi hajui aibu. Anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja na fimbo ya kusukumia kwa mwingine, na anakwenda. Watu wa hisani, kwa kuwa waliahidi "kuendesha" na kwa kuwa kuna mmoja anapiga picha, wanabaki juu ya viti vyao kwenye gia ndogo kabisa, ambayo ni namna ya kusimama huku miguu ikizunguka. Mwenye ndizi aliwapita akitembea. Alisema "poleni," na halikuwa neno la kejeli, jambo lililouma zaidi. Kwenye mteremko aliwapita tena, safari hii akiwa amepanda, kisigino cha ndala kikisugua tairi la nyuma. Hiyo ndiyo breki yake.

Baada ya Kemondo ikaja mvua. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Novemba haupendi kubaki na deni. Baiskeli zao za kisasa hazikuwa na madigadi kwa sababu zilitengenezwa ziwe nyepesi. Basi kila mmoja alichorwa mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni, ukapita juu ya jina la mfadhili lililochapwa kwenye fulana. Mfadhili aliomba jina lake lionekane. Lilikuwapo, ila chini.

Huko Muhutwe, mmoja wao akatoweka. Alionekana tena mbele, akiwa amekaa nyuma ya bodaboda, baiskeli yake begani. Bodaboda zenyewe zilianza miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zikiwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo. Kwa hiyo siku hiyo mjukuu alikuwa amembeba babu. Jamaa alishuka kwenye kona, akajimwagia maji ya chupa yafanane na jasho, akawasubiri wenzake.

Mhasibu wa kundi ndiye aliyeteseka kikwelikweli. Kiti cha baiskeli yake kilikuwa chembamba kama cha mashindano, naye hakuwa mtu wa mashindano. Walipokaribishwa kwenye nyumba moja katikati ya migomba, sofa zikapangwa, wenyeji wakangoja wageni wakae. Hakuweza. Kusimama mbele ya bibi mwenye nyumba ni utovu wa adabu, kwa hiyo akapiga magoti, mkao pekee usiogusa panapouma. Kwa Wahaya kumpigia magoti mkubwa ni heshima ambayo hasa wanawake na watoto ndio huitimiza. Bibi alifurahi kupita kiasi.

"Huyu amelelewa," akawaambia wengine. "Nyie je, waitu?"

Likaja bakuli la kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na mitishamba na kukaushwa, ambazo Wahaya walikuwa wakiwakaribishia wageni kabla mkoloni hajafika. Mhasibu alizimeza kama vidonge. Wakafuata senene, wale panzi wa kuliwa, maana ulikuwa msimu wao, na bibi akaeleza kwamba enzi zake wanawake waliwakamata na kuwasafisha, kisha wanaume wakala peke yao. Hayo yamekwisha, alisema, akijichotea fungu kubwa kuliko la mgeni yeyote.

Kagoma ikaleta pancha. Bomba la fundi halikuingia kwenye ule mdomo mwembamba wa tyubu ya kigeni. Fundi hakulaumu mtu. Aliitumbukiza tyubu kwenye karai la maji, akafuata mapovu, akapiga msasa, akabandika kiraka cha mpira wa zamani, kisha akauzungushia mdomo ule ukanda wa tyubu kuukuu mpaka bomba likakubali. Aliposikia habari za madawati, alipokea malipo yake, akatoa shilingi 1,000 humohumo, akamrudishia mhasibu.

"Niandikie risiti."

Risiti hazikuwapo. Zilibaki Bukoba, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kupokea fedha njiani. Mhasibu akaandika nyuma ya karatasi ya biskuti, akatia sahihi, na fundi akaisoma mara mbili kabla ya kuikunja.

Jioni, Muleba, mhasibu alilala kifudifudi kitandani akajumlisha. Orodha ilikuwa na safu mbili, ahadi na kilichopokelewa, na safu ya pili ilikuwa na ile 1,000 tu. Simu ikalia: ujumbe kutoka Dar es Salaam. Mchangiaji mkubwa kuliko wote, aliyeahidi kwa kila kilomita, alikuwa anauliza kama zile za mteremko nazo zinahesabiwa.