Namna ya Kufungwa Mkono na Bado Ukawa Mchambuzi wa Gemu

Kwanza kabisa, kaa benchi la mbele. Banda la gemu la uswahilini lina mabenchi mawili. La mbele ni la wanaocheza na wanaosubiri zamu. La nyuma ni la watoto wasio na hela, wanaoangalia bure mpaka mwenye banda akumbuke kuwafukuza. Mchambuzi hakai nyuma, hata kama mfukoni yeye na wale watoto wako sawasawa. Kaa mbele, kunja nne, na mechi mbili nzima usiseme neno. Guna tu. Mtu akikosa goli, guna. Akifunga, guna vilevile, ila kwa sauti ya chini, kama fundi mwashi aliyepita akaona ukuta wa jirani umepinda na hajaulizwa.

Watu wakishauzoea mguno wako, ndipo uanze kazi. Na kazi yenyewe ina kanuni moja inayobeba nyingine zote: usitoe maoni yoyote juu ya gemu kabla hujaangalia matokeo. Ukiongoza 3-1, sema gemu hili lina uhalisia. Mpira una uzito, mabeki wanajipanga, refa anaona. Ukifungwa 3-1, diski ileile, dakika ileile, sema limepangwa. Sema mashine ikishaamua ufungwe utafungwa tu: kipa atautema mpira mwepesi, beki atasimama kama kapewa dawa ya usingizi. Wachezaji wa FIFA duniani kote wanaliamini jambo hili, na EA, waliolitengeneza gemu hilo, wamelikanusha mara nyingi. Kanusho lao usilitaje bandani. Nani alishawahi kukiri kwa hiari yake?

Wanaotucheka hawajui bandani kinacholipiwa ni nini. Kwetu anayefungwa ndiye anayelipa. Mshindi anabaki na pedi na anacheza bure mpaka apatikane wa kumtoa. Nimewahi kumwona kijana aliyeingia na shilingi 200 saa nne asubuhi akatoka adhuhuri, 200 yake bado imo mfukoni, ina joto. Aliyefungwa anatoa hela, anainuka, anampisha mwenzake. Sasa mtu aliyelipia kipigo chake mwenyewe, tena taslimu, utamdai uadilifu gani katika uchambuzi? Yule wa Ulaya anayeandika kwamba gemu fulani linastahili 8 kwa 10 hajawahi kufungwa huku watu kumi na moja wanampumulia shingoni.

Kwa hiyo andaa kisingizio mapema. Kisingizio kinachokuja baada ya goli ni kilio. Kinachokuja kabla ya kipyenga ni taarifa ya kiufundi. Ukikabidhiwa pedi, itikise. Ipulize. Zungusha analogi kwa kidole gumba, kunja uso, sema kwa upole: "Hii inavuta kushoto." Usiombe nyingine, maana unaweza ukapewa. Na hapa siwezi kuficha, mara nyingi ni kweli. Pedi ya pili ya banda nililokulia, kitufe cha R1 kilishatoka zamani na mahali pake palibandikwa kifuniko cha peni ya buluu kwa gundi. R1 ndiyo mbio. Ukikibonyeza sana kile kifuniko kilikuwa kinazama na mchezaji wako anakimbia tu hadi nje ya uwanja, mpira umebaki nyuma, yeye anakwenda zake. Aliyeizoea ile pedi alikuwa hafungiki, kwa sababu alijua kukitoa kifuniko kwa ukucha huku anacheza. Hakuna gemu lolote nililowahi kuliona linalodai ustadi kama ule.

Siku utakapoulizwa swali kuu, PES au FIFA, usikurupuke. Hiyo ndiyo Simba na Yanga ya bandani, na jibu lako litakufuata hadi ukweni. Jibu sahihi ni PES, tena PES ya zamani, ya PlayStation 2. Ya mwaka gani? Ya mwaka ule ulipokuwa unashinda. Mimi ni mtu wa PES 6, ya 2006, na sitaki mjadala. Mle ndani alikuwemo Adriano wa Inter Milan, mguu wa kushoto, nguvu ya shuti 99, na juu ya 99 hakuna namba. Unampa mpira mbali huko, karibu na katikati, unashikilia kitufe cha boksi mpaka mstari wa nguvu ujae, na kipa anaruka kwa heshima tu. Bandani kwetu ilifikia Inter ikapigwa marufuku, kwa maandishi, mkaa juu ya bati. Gemu ambalo timu nzima inafungiwa ukutani lina kasoro kubwa ya mizani, hilo sikatai. Lakini mpira wake ulikuwa mpira. Ulikuwa unaponyoka mguuni. Pasi ya mtu aliyegeuka vibaya ilikuwa inakwenda vibaya. Beki aliyechelewa nusu hatua alikuwa amechelewa kweli, na ukipoteza mpira unajua kidole gani kimekuponza. FIFA za miaka ile mpira ulikuwa unafuata buti kama umefungwa kamba.

Udhaifu wa PES unaojulikana na kila mtu ni majina. Konami, watengenezaji wake, hawakuwa na haki za timu nyingi, basi Chelsea ikaitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Kwenye PES 2, kikosi kizima cha Uholanzi kiliitwa Oranges, kila mmoja na namba yake, kama ukoo uliopewa majina na karani aliyekuwa na haraka. Mchambuzi mchanga atakwambia hiyo ni aibu. Wewe sema ni elimu. Tulijifunza kumtambua mtu kwa nywele, kimo na namna anavyokimbia, bila kusomewa jina, ujuzi unaowafaa hata wanaodai madeni. Na kwenye Master League ulikuwa unaanza na kikosi cha watu ambao hawajawahi kuzaliwa: Castolo, Minanda, Ivarov golini. Castolo alikuwa straika asiye na kasi, asiye na shuti, asiye na chochote, na nilimpenda kuliko wachezaji wengi wenye pasi za kusafiria. Siku nilipopata pointi za kumnunua straika wa kweli nilimweka Castolo benchi, nikajisikia kama nimemfukuza mpangaji wakati wa masika.

FIFA nayo uipe haki yake, ila kwa haraka, kama unayemtaja mtalaka. Majina ya kweli, viwanja vya kweli, mashabiki wanaoimba. Na ilimleta Samatta. Mbwana Samatta alijiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na ligi ya Ubelgiji ilikuwemo kwenye FIFA, kwa hiyo ghafla kulikuwa na Mtanzania ndani ya TV ya banda, jina limeandikwa mgongoni. Vijana ambao wasingeweza kuionyesha Genk kwenye ramani kwa fimbo waliichagua dhidi ya Real Madrid, wakafungwa sita, wakalipa wanacheka. Alipohamia Aston Villa Januari 2020, kwetu aliendelea kuchezea Genk, maana banda halikuwa na intaneti ya kupokea usajili mpya. Alifunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley Machi mosi, dhidi ya Manchester City, na jioni ile ile bandani alikuwa Ubelgiji.

Jambo moja la kiufundi ulihifadhi, litakusaidia baadaye. Kwenye PES, kushuti ni boksi na krosi ni duara. Kwenye FIFA ni kinyume chake: duara ndiyo shuti, boksi ndiyo krosi. Mtu aliyekulia PES akihamia FIFA, vidole haviambiliki. Amebaki yeye na kipa, anabonyeza boksi kwa nguvu zote, na mpira unapaa kwa madaha kwenda kwenye kibendera cha kona ambako hakuna mtu. Kwa mchambuzi hii ni neema: kila nafasi utakayopoteza kwenye FIFA ni kosa la waliopanga vitufe.

Kuna anayeweza kukurushia eFootball. Septemba 2021 Konami walilizika jina la PES wakatoa gemu jipya la bure, na nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kiasi kwamba dunia nzima ilicheka na kampuni ikaomba radhi ndani ya siku chache. Ukitajiwa hayo, inamisha kichwa. Msiba hauchambuliwi. Hao EA nao waliachana na FIFA yenyewe, tangu 2023 gemu lao linaitwa EA Sports FC, na sijasikia banda hata moja lililoitii taarifa hiyo.

Magemu ya hadithi yana utaratibu wake. Bandani hayalipiwi kwa mechi, yanalipiwa kwa muda, nusu saa kwa 500, na memori kadi ni ya mwenye banda, na mwenye banda hamwazimi mtu. Maana yake GTA San Andreas, ya 2004, sisi tuliianza upya kila siku. Nimemtoa CJ, mhusika mkuu, uwanja wa ndege wa Los Santos kwenda kwenye msiba wa mama yake labda mara sitini. Mji wa San Fierro nimeusikia kwa watu. Lakini nani atakuhoji, na yeye hajafika? Sema hadithi yake ina kina, hasa mwishoni. Udhaifu wake mkubwa, na huu nauapia, ni ile kazi ya kufukuza treni kwa pikipiki huku Big Smoke amekaa nyuma anapiga risasi angani. Ukijibana kwenye treni hampigi mtu. Siri ni kukaa upande wa kulia, mbali kidogo na behewa, apate nafasi ya kulenga. Niliambiwa siri hiyo miaka kumi baadaye, harusini.

Wengi wetu hata hizo kazi hatukuzigusa. Tuliingia na daftari la jiografia, ukurasa wa mwisho, zilipoandikwa kodi: R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Unapata afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Saba mara nane mpaka leo natumia vidole. Hiyo kodi hata mkiniamsha usiku wa manane.

Kwenye ngumi usipoteze muda. Tekken 3, mchague Eddy Gordo, bonyeza eksi na duara bila mpango wowote, atacheza capoeira yeye mwenyewe. Ukishinda naye, zungumzia utamaduni wa Brazili. Ukipigwa naye, sema huko si kucheza, ni kujikuna.

Grafiki zisifie pale tu TV ni ya chogo, maana hapo hakuna wa kukubishia kwa ushahidi. Free Fire na ndugu zake wa kwenye simu wana udhaifu mmoja, bando, na bando lina tabia ya kuisha sekunde moja kabla hujauawa. Imetosha.

Sasa nikuonyeshe mwongozo huu ukifanya kazi. Jumamosi iliyopita nilipita kwenye banda moja, siku hizi wana PlayStation 4 na feni. Nikakaa mbele. Nikaguna mechi mbili. Zamu yangu ilipofika, aliyekuwa amebaki na pedi ni mtoto wa miaka kumi hivi, kofia ya madrasa ameikunja kwenye mfuko wa kaptula. Akasimama kidogo, akanipa mikono yote miwili.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Hii pedi inavuta kushoto."

"Tubadilishane anko," akasema, akanipa yake.

Hilo sikulitegemea. Nilichukua Real Madrid. Yeye akachukua timu ya daraja la pili Uingereza, jezi ya mistari, sikumjua hata mmoja. Goli lake la kwanza nilisema kipa hana hadhi ya Madrid. La pili nilisema gemu limepangwa. La tatu niliizungumzia PES 6 kwa kirefu, na yule mtoto, ambaye wakati Adriano anapiga yale mashuti hata wazazi wake huenda walikuwa hawajafahamiana, alisikiliza kwa adabu, anaitika "sawa anko", na la nne akalifunga katikati ya sentensi yangu.

Dakika ya 88 nikapata upenyo. Winga wangu amewakimbia mabeki wote, amebaki na kipa, benchi la nyuma limenyamaza. Nikabonyeza boksi kwa nguvu zote. Mpira ukapaa vizuri sana, ukavuka goli, ukavuka mtu, ukaenda kutua karibu na kibendera cha kona. Kipa wao akauokota, akaurusha mbele, pasi mbili, mkono ukatimia.

Mtoto akaniangalia kwa huruma, akanong'ona wenzake wasisikie: "Anko, kushuti ni duara."

Nikamwambia najua, nilikuwa napiga krosi.