Barua ya wazi kwa wakubwa wa programu ya nyimbo

Wakubwa wapendwa,

Nawasalimu kutoka Nizi. Sina haja ya kuwaelekeza ni wapi. Mnajua hata niko upande gani wa barabara.

Nilitaka kitabu cha nyimbo tu. Cha karatasi kililowa mvua, na mwalimu wa kwaya akasema kipo cha simu, cha bure. Nikatoa mega zangu, nikapakua. Kabla sijaona hata wimbo namba moja, mkaomba ruhusa ya kujua mahali nilipo. Nikakataa. Mkaomba majina yote yaliyomo kwenye simu. Nikakataa. Kipaza sauti, kamera, ujumbe: nikakataa, nikakataa. Programu ikajifunga, ikaandika kwamba haiwezi kufanya kazi. Tangu 2015 simu za Android zinauliza ruhusa moja moja ili mwenye simu achague, nanyi mkaipatia dawa: asiyechagua mnavyotaka, haimbi. Kwaya inasubiri, sauti ya pili imeshaanza bila yeye. Mtu anafanyaje? Anaruhusu.

Mungu tunayemwimbia anajua niliko na hajawahi kuniomba ruhusa. Ninyi mnataka kujua muda wote, hata programu ikiwa imefungwa. Wakubwa, hapa ni Djugu, mashariki mwa Kongo. Mtu anayetoka kwenye shimo la dhahabu hamwambii hata shemeji yake amepita njia gani. Mtu wa bariere naye anauliza unatoka wapi, unaenda wapi, lakini akishapata faranga zake anasahau. Ninyi hamsahau.

Sasa niwaombe. Kwa kuwa mmebeba majina yote, la baba mdogo, la mama mkwe, hata la kijana anayetuchajia simu sokoni, mmekuwa watu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani ana kazi zake. Karibuni kwenye kilio. Namba ya mfiwa mnayo, na njia hamtapotea. Mje mapema, msingoje siku ya kuzika, maana bashi linafungwa jioni na tunahitaji watu warefu. Wawili wachote maji, bido ishirini. Kisima mtaonyeshwa na watoto. Yule aliyeomba kamera apige picha za kaburi kwa ajili ya ndugu walioko Kampala. Yule wa kipaza sauti ataongoza nyimbo kuanzia saa tatu usiku hadi kuche, na tafadhali, asitie tangazo katikati ya ubeti. Mchango unaandikwa daftarini, jina na kiasi, kisha unasomwa mbele ya watu wote. Anayekula sombe bila kuandikwa hujulikana mpaka Iga Barrière. Mtaketishwa vizuri, upande wa wakwe. Kuhusu mahari ya mdogo wangu, mbuzi bado tunadaiwa, hayo tutaongea matanga yakiisha.

Pia mrudishe mega zangu. Masharti yenu yawe mafupi kuliko Kutoka na Walawi. Na kitufe cha "Kataa", kama ni pambo, kiondoeni.

Hicho kitufe nina sababu ya kukitaja. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana programu moja ya tochi, Brightest Flashlight, iliyokuwa ikiwatumia watu wa matangazo mahali mwenye simu alipo, tena ikianza kabla yeye hajabonyeza kukubali wala kukataa. Tochi! Kenya, kanuni za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa simu kuwasumbua jamaa za mdaiwa kwa namba walizochota kwenye simu yake. Sisi nasi tunayo Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayodai ridhaa ya mwenye habari. Nzuri sana. Niende nayo Kinshasa kwa ndege, kushtaki kitabu cha nyimbo?

Na katika majina mliyobeba kuna watu walioko kambini, walioacha nyumba na kila kitu isipokuwa simu. Kuna waliouawa. Namba zao sijafuta, na sitafuta. Mnazifanyia nini? Mnaziuza bei gani? Marehemu anaonyeshwa tangazo la nini, la mkopo, la mafuta ya nywele? Hamkuwa na haki ya kuzigusa. Hata mimi, ninayezitunza, sizigusi.

Samahani, wakubwa, nimepandisha sauti. Nisingepaswa kuwaandikia kwa karatasi, kipaza sauti mnacho. Basi tunawangoja, mje na sufuria zenu.

Ninyi wenzangu wa Nizi, Bambu na Bunia, msiwangoje mikono mitupu. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, kisha ruhusa, mzime moja baada ya nyingine. Inayogoma kufunguka, ifuteni. Nyimbo tutanakili kwa kalamu, Jumamosi, kabla ya mazoezi.