Shemeji Mlawi na Kibanda cha Uani

Wewe uliyeoa unajua: ukioa mke, umeoa na kaka zake. Mimi niliambulia mmoja tu, na huyo mmoja anatosha kata nzima. Hapa Ntalikwa, Tabora, hakuna anayemwita kwa jina lake la ubatizo. Ni Mlawi, kwa kuwa sura ya 23 ya Mambo ya Walawi anaijua kwa kichwa, namba yake ya simu haijui.

Zamani alikuwa mtu wa kawaida, utingo wa lori. Siku moja lori likafa gia boksi Mbale, Uganda, na katika kungoja spea shemeji akatangatanga hadi kilima cha Nabugoye, kwa watu wanaoitwa Abayudaya. Hao ni wenyeji wa huko huko walioshika dini ya Kiyahudi tangu 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha wakakosana, alipolisoma Agano la Kale, akasema hili ndilo, akatahiriwa yeye na wanawe. Wenyewe hawakumpa shemeji cheo chochote, maana kwao mtu haingii hivi hivi. Lakini lori lilipopona alipanda na kalenda mkononi. Utingo nao akauacha, kwa sababu Jumamosi hapandi gari. Akaja kwa dada yake kupumzika kidogo. Mpaka leo anapumzika.

Kabla hajaja, nyumba yangu ilikuwa na kalenda za kutosha. Mama Kulwa, mke wangu, ni Mkatoliki, na kalenda ya parokia imetundikwa nyuma ya mlango. Mama yangu mdogo ni Mwislamu, tunamwita Bi Mwandamo, maana hakuna mwezi uliowahi kuandama yeye akiwa amelala. Baba mkwe, Mzee Kampala, ana kalenda yenye kurasa mbili: kabla ya Vita vya Kagera na baada ya Vita vya Kagera. Mimi nafuata kalenda ya tumbaku: kitalu, kupandikiza, kuvuna, deni.

Sasa ikaongezeka ya Mlawi.

Mwaka 2025 mwaka mpya wa Wayahudi uliingia jioni ya Jumatatu, tarehe 22 Septemba. Ni jioni kwa sababu siku yao huanza jua likizama. Hapo Bi Mwandamo alimpa shemeji alama ya kwanza na ya mwisho: "Angalau saa anaijua. Siku huanza magharibi, si usiku wa manane kama ya redio." Desturi ya jioni hiyo ni kuchovya tofaa kwenye asali ili mwaka uwe mtamu. Asali Tabora si tatizo, hasa ikiwa ni ya mizinga yangu. Tofaa la kununua mjini nilikataa, tukachovya papai.

Kesho yake ilikuwa siku ya baragumu. Kwa desturi hupigwa sauti mia moja, kwa pembe ya kondoo dume au mnyama wa jamii hiyo, mradi isiwe ya ng'ombe. Pembe ilitoka kwa Bi Mwandamo, ya kondoo wake wa Idd el Hajj ya Juni. Mlawi aliichemsha kwenye sufuria ambayo Mama Kulwa hajaisamehe, akatoa kiini, akaitoboa kwa msumari wa moto. Harufu ile ilihamia sebuleni ikakaa kama mgeni wa mazishi.

Pembe si jambo geni katika nchi hii. Misafara ya pwani ilipopita Unyanyembe kwenda Ujiji, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alipuliza pembe ya tandala alfajiri, wapagazi wakanyanyua mizigo. Lakini hayo ni ya karne ya 19. Leo ukipuliza pembe alfajiri Unyamwezini, watu wanaelewa jambo moja: ng'ombe wameibwa. Na sungusungu, walinzi wa kijiji waliozaliwa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, huja kwanza na maswali huyaleta baadaye. Mlawi hakufika hata robo ya zile mia. Uwanja ukajaa marungu na mishale.

"Wamekimbilia upande gani?" kamanda akauliza huku anahema.

Shemeji akashusha pembe, akatabasamu. "Heri ya mwaka 5786!"

Katibu wao, kijana aliyesoma, akataka kujua tangu lini Tabora kukawa na mambo ya Kiyahudi. Hilo ni swali ambalo hutakiwi kumuuliza Mlawi ukiwa umesimama. Akawaambia habari za Emin Pasha, aliyekuja kupandisha bendera ya Wajerumani hapa Tabora mwaka 1890. Mtu huyo alizaliwa Eduard Schnitzer mwaka 1840, huko Oppeln, na wazazi wake walikuwa Wayahudi. Akabatizwa Mlutheri akiwa mtoto, akaenda kutumikia dola ya Waturuki na Misri, akachukua jina la Kiislamu, na mwisho akauawa Kongo mwaka 1892. "Dini tatu kwa mtu mmoja," alisema Mlawi, "nanyi mnashangaa pembe!" Mimi sikushangaa. Dini tatu chini ya bati moja ndizo ninazolisha kila siku.

Sungusungu walisikiliza kwa adabu, kisha wakatoza faini ya jogoo. Faini hulipwa na mwenye mji. Mwenye mji ni mimi.

Siku ya Upatanisho ikafika Alhamisi, tarehe 2 Oktoba. Ni funga ya saa 25 hivi, chakula hapana, maji hapana. Bi Mwandamo alipiga mluzi wa dharau: yeye anafunga mwezi mzima, huyu siku moja na uso wote umeanguka! Mama Kulwa, ambaye riziki yake ni maandazi, alihamisha karai lake hadi dirishani kwa kaka yake. Alidai upepo ulikuwa mzuri upande ule.

Baada ya funga Bi Mwandamo akataka maelezo. Mbona sikukuu za Mlawi zinarukaruka kwenye kalenda ya ukutani, leo Septemba, mwaka mwingine Oktoba, lakini hazivuki majira, wakati Ramadhani imeshaingia kwenye mvua, kwenye jua kali na kwenye baridi ya Juni? Wote si wanatazama mwezi?

Mlawi akatandika mkeka chini ya mwembe, akaleta karanga. Angeleta za kula tungeelewana, lakini alileta zangu za mbegu. Mapacha, Kulwa na Doto, wakapewa kazi ya kuhesabu. Safu ya kwanza karanga 354, ndiyo miezi kumi na miwili ya kuandama, yenye siku 29 au 30. Safu ya pili 365, mwaka wa jua. Pengo, karanga 11.

"Sisi pengo tunaliacha," akasema Bi Mwandamo. "Mungu hakukosea hesabu." Ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka kama 33.

"Sisi hatuwezi kuliacha," akasema Mlawi, ambaye siku hizi husema "sisi" bila aibu. Torati imeagiza Pasaka iwe katika mwezi wa Abibu, shayiri ikitoa masuke. Ukiacha siku 11 zipotee kila mwaka, baada ya miaka michache Pasaka inakukuta shamba halina suke. Kwa hiyo katika kila miaka 19, saba huongezewa mwezi mzima, na mwezi wa Adari huja mara mbili. Akapanga Adari ya nyongeza kando, karanga 30 zimenyooka, akaingia ndani kuchukua Biblia athibitishe. Aliporudi Adari haikuwepo. Shija, aliyezaliwa nyuma ya mapacha na hula kama watatu, alikuwa anatafuna anatazama mawingu.

Lakini Mama Kulwa alishaelewa. Mwaka 2024 Pasaka ya kigangoni ilikuwa tarehe 31 Machi, na ya Mlawi ikaingia jioni ya tarehe 22 Aprili. Kumbe mwaka wao ule ulikuwa wa Adari mbili. Yeye siku zote alijua kaka yake amechelewa tu, kama anavyochelewa kuteka maji.

Tukafika kwenye Vibanda. Sikukuu hii ya siku saba ilianza jioni ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, kukumbuka wana wa Israeli walivyokaa jangwani. Paa sharti liwe la vitu vilivyoota ardhini na kukatwa, kivuli kizidi jua, na usiku nyota zionekane. Fito zilitoka kwenye rundo nililoandaa kukarabatia bani la tumbaku. Kuta zilikuwa vitenge vya Mama Kulwa, pamoja na kile cha harusi ya mdogo wake. Paa likawa matawi ya mwembe wangu, yamekatwa na maembe yake mabichi yakining'inia, eti ni mapambo. Watoto walikula mapambo kwa chumvi na pilipili, na usiku ule choo hakikupumzika.

Mzee Kampala alitazama ujenzi wote bila kusema neno, mpaka Mlawi alipomtajia tarehe. Idi Amin, alipotawala Uganda, aliwapiga marufuku Abayudaya, wakawa wanasali kwa kujificha. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Wayahudi ilipoingia. Mzee alinyamaza kitambo. "Kumbe tuliwaletea sikukuu," akasema. Akaenda kuchukua koti lake la jeshi, akahamia kibandani, akatangaza kwamba hatoki hadi amri itolewe. Baba mkwe habishiwi. Nikawa napeleka uji nje kila asubuhi.

Mbuzi hawakupewa taarifa. Usiku wa manane wakavunja zizi wakaanza kula paa kutoka pembeni. Mzee akaamka akaona nyota nyingi kuliko Torati ilivyoagiza, akapiga ukelele wa vita, na sungusungu wakarudi. Safari hii walimsaidia kufukuza adui, wakanywa chai, wakala maandazi ya Mama Kulwa wakiwa wamekaa kibandani kwa raha zao.

Lipo jambo moja ambalo shemeji alinishinda kwa haki. Vibanda vikiisha, kesho yake huombwa mvua. Mwaka huo siku hiyo iliangukia tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, kwa hiyo hata ofisi ya kijiji ilifungwa. Huko Israeli mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili. Hapa Tabora mvua zetu ni Novemba hadi Aprili. Katika kalenda zote zilizotundikwa nyumbani kwangu, hiyo ya mgeni ndiyo pekee inayoomba mvua wakati mkulima wa Ntalikwa anaihitaji. Kuta zetu zimejaa Januari na Desemba ambazo hazijui lolote kuhusu jembe. Niliitikia amina pamoja naye, huku nikimkumbusha kwamba mbegu za karanga zimepungua mwezi mzima.

Siku ya kubomoa kibanda nilitoka na shoka. Nikamkuta Mama Kulwa ameingiza jiko, karai na mabenchi mawili. Wale sungusungu walikuwa wamesifia mahali, na tayari wateja wamezoea. Kwa hiyo fito za bani ni genge la maandazi sasa, na mimi natafuta fito nyingine.

Lakini vita kubwa bado iko mbele. Pasaka ya Mlawi ya 2026 inaingia jioni ya tarehe 1 Aprili, na kwa siku saba chachu haitakiwi kuonekana ndani ya nyumba. Alipomtangazia dada yake kwamba hamira na unga wa ngano vitoke, Mama Kulwa aliangalia tarehe, akacheka mpaka akakaa chini, akijua ni utani wa Siku ya Wajinga. Hakuna aliyethubutu kumweleza. Ugali wakati huo unaruhusiwa kwa baadhi ya Wayahudi na kwa wengine haupo, na katika hilo Mlawi ameamua bila shida yuko upande gani.

Wewe ambaye bado hujaoa, nakusihi kama ndugu: ukipeleka posa, mahari wataje watakavyo, lakini usisaini kitu kabla hujauliza shemeji anafuata kalenda gani.