Sifa za Mheshimiwa Gugumaji

Wengine wasifu kahawa ya Karagwe. Mimi mtu wa Kanoni namsifu Gugumaji, mkazi wa Mto Kagera ambaye hajawahi kuulizwa kitambulisho.

Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita ikisaka wahamiaji wasio na vibali, na wenye ndugu ng'ambo ya mto wakakosa usingizi. Yeye, mzaliwa wa Amerika Kusini, alikuwa akishuka kutoka Rwanda mchana kweupe na ukoo mzima. Hakuna aliyemsimamisha. Nduli Idi Amin alikuja mwaka 1978 na vifaru, daraja la Kyaka likavunjwa, na bado akafurushwa. Gugumaji alipita hapohapo Kyaka bila risasi moja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ziwa Viktoria lilikuwa lake. Meli zikamngoja yeye apishe.

Wanaomtukana hata sura yake hawaijui. Kila jani bichi majini kwao ni gugumaji! Yungiyungi, kwa mfano, ni mtu wa kwao: mizizi iko topeni, jani la mviringo lenye mpasuko limelala juu ya maji. Yule aliyejipanga kama kabichi, jani zito lenye vinyweleo, hana kikonyo cha kuonekana, ni Pistia. Salvinia hutoa majani matatumatatu, mawili yanaelea na la tatu limezama likijifanya mzizi. Na ukoo wa Potamogeton, wapole wale, wengi wao huishi chini ya maji, majani membamba yanayopitisha mwanga. Ukiwavua hulegea mkononi, hawana uti wa kusimama nchi kavu.

Mheshimiwa ni wa daraja lake. Jani linang'aa, limekaza, halishiki maji. Kikonyo kimevimba, ndani yake sponji iliyojaa hewa. Mizizi ni myeusi yenye nywele nyingi, inaning'inia bila kugusa tope. Ua ni la zambarau, na petali ya juu ina doa la njano. Nani mwingine mtoni anavaa hivyo siku ya kazi?

Ila usimkariri haraka. Akiwa na nafasi, vikonyo ni vifupi na vinene. Akibanana na wenzake, uvimbe hupotea na vikonyo hurefuka, vyembamba, hata kukaribia mita moja, na mgeni huapa kwamba ameona mmea mwingine. Hapo usiulize jani peke yake. Mfunue, utazame mizizi, utazame na kamba za shina zinazomuunganisha na wanawe. Hali ikiwa nzuri, kundi lake huongezeka mara mbili kwa wiki mbili hivi. Sisi tunaosubiri mkungu mwaka mzima tunapaswa kumvulia kofia.

Serikali zikamletea fukusi wa Neochetina, wakala majani na kuacha vikovu vidogo, mabuu wakatoboa vikonyo. Mkulima wa migomba Kanoni, anayemlaani fukusi kila msimu, asikie hili: hawa walichunguzwa kwanza, wakaingizwa miaka ya 1990 kwa vibali halali. Wenye vibali walimpunguza kweli. Lakini yeye alishaacha mbegu topeni, na mbegu zile huweza kungoja miaka 15. Kibali gani cha ukaazi kinadumu hivyo?