Meza ya Vyakula Saba

Dada yangu hapendi wageni wamkute hajajiandaa. Mwanawe alipomaliza chuo Guangzhou, alimleta Mama kutoka Dar es Salaam na Mjomba kutoka Mafia waje kushuhudia, na mapema kabisa akaweka nafasi katika mgahawa wa kifahari wa Waislamu wa Kichina. Mji ule anaujua. Ndiko anakonunua mabegi na viatu vya duka lake la Kariakoo, na nyumba aliyopanga iko karibu na Xiaobei, mtaa uliozoea Waafrika wanaobeba mizigo, wanaopatana bei na wanaotafuta chakula cha halali. Meza ilikuwa ya watu kumi: sisi wa nyumbani sita, mwenye nyumba na mumewe, mwalimu wa mpwa wangu, na kijana mmoja aliyesoma naye.

Katika migahawa mikubwa ya Guangdong mwenye karamu haulizi kila mgeni anataka nini. Huletewa menyu zilizokwisha kupangwa, kila moja ikiwa na bei ya meza nzima, naye huchagua moja na kutoa malipo ya awali. Mle ndani kila kitu kina zamu yake. Hutangulia vitu vya baridi, kisha nyama ya kuoka, kisha supu, kisha vya baharini vyenye thamani, kisha kuku, kisha samaki mzima wa mvuke, kisha mboga za majani. Wali au tambi huja mwisho, kabla ya kitu kitamu na matunda. Vyakula vikubwa vinavyohesabiwa kwa kawaida huwa vinane. Vitangulizi, wali na matunda havimo katika hesabu hiyo.

Mpwa wangu alitutafsiria menyu usiku mmoja tukinywa chai. Mjomba alikuwa chumbani anaswali isha. Bata wa kuoka, sawa. Kamba, sawa. Supu, sawa. Cha nne kikawa jongoo bahari na uyoga.

Mama akaweka kikombe chini. "Hicho kitoeni."

Tulimwelewa. Kaka yake aliutumia ujana wake kwenye miamba ya Jibondo na Chole akizamia jongoo. Bamvua likija, maji yakapwa mbali, wanawake na watoto walikuwa wakiokota wale wa pwani, na wanaume wakizamia wale wa kilindini. Waliwapasua, wakatoa matumbo, wakawachemsha kwenye pipa, wakawafukia mchangani ngozi ya juu ilainike, wakawasugua chokaa itoke, wakawachemsha tena na kuwaanika. Katika jongoo mchanga, kilo ishirini za wabichi hazikutoa zaidi ya kilo moja ya wakavu. Tajiri alikuja na mizani yake na bei yake. Hakuna nyumba Mafia iliyowapika kwa mlo wake. Cha bahari ni halali, ila jongoo hakuwa chakula chetu kwa mazoea. Mama alikumbuka mikono ya kaka yake ilivyochubuka, akaona ni kumdhalilisha kumwekea kitu kile kwenye sahani ya karamu.

Dada akakubali, na mpwa wangu akapiga simu mgahawani. Mhudumu aliuliza waweke nini badala yake. Dada, ambaye anaijua thamani ya kila senti, akasema wasiweke kitu: wapunguze bei, vyakula saba vinawatosha watu kumi. Upande wa pili pakawa kimya kidogo, kisha simu ikakatwa kwa adabu.

Haukupita muda akapiga meneja mwenyewe. Mpwa wangu alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja, uso umembadilika. "Vyakula saba ni vya waliotoka kuzika."

Ndivyo ilivyo kwa watu wa Guangdong. Baada ya mazishi wafiwa hukaa pamoja na kula mlo wa vyakula saba, na kwa sababu hiyo meza ya harusi, ya kuzaliwa au ya kuhitimu haipangwi kwa idadi hiyo. Meneja hakuwa akitafuta pesa. Alikuwa akiuliza kwa upole kama tumefiwa.

Mama akashika kifua. Siku ya furaha ya mjukuu wake, nasi tumeagiza chakula cha matanga! Dada naye akashtuka alipokumbuka kwamba mwenye nyumba, bibi mtu mzima wa mji uleule, angeketi na kuhesabu sahani moja moja zinavyoingia. Meneja akapendekeza cha nane kiwe supu ya mabondo. Mume wa Dada, mzaliwa wa Mwanza, akacheka kwa furaha. Tangu utotoni amewaona wanunuzi wakitoa mabondo ya sangara matumboni na kuyapima mbali na minofu, kwa bei ya juu kuliko minofu yenyewe. Akasema lete mabondo. Dada akauliza bei, akanyamaza. Meneja akaongeza jambo: jongoo wetu walikwisha kulowekwa. Mkavu huhitaji siku kadhaa za kulowekwa, kuchemshwa na kubadilishiwa maji, na maji hayo hayatakiwi kuguswa na mafuta wala chumvi. Ndiyo maana mgahawa unadai malipo ya awali. Chakula kile kilikuwa kimeanza kupikwa tangu Dada alipoweka sahihi.

Hapo ndipo Mjomba alipotokea mlangoni, kofia bado kichwani.

"Mnabishana nini?"

Akaambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi.

"Mlimuuliza nani?"

Hakuna aliyejibu. Mama akasema, "Kaka, tulikuonea huruma."

"Huruma ya nini? Nimemzamia huyu jongoo tangu mbavu zangu hazijakomaa. Wenzangu wawili walipoteza masikio kwa kuzamia kina kisichowafaa. Miaka yote hiyo sikupata kumwona mtu akimla. Leo nimefika hapohapo anapoliwa, na nyinyi mnamwondoa mezani?" Kisha akamgeukia Dada, sauti imeshuka. "Mwanangu, mrudishe."

Akarudishwa. Vyakula vikawa vinane, na bei ikabaki ileile.

Siku yenyewe wenyeji walimkalisha Mjomba kwenye kiti kinachotazama mlango, ambacho hupewa mgeni wa heshima, na samaki alipokuja kichwa chake kikaelekezwa kwake. Upande wa juu wa samaki ulipokwisha, mwenye nyumba aliuinua uti wa mgongo wote akautoa, bila kumgeuza. Mpwa wangu akaeleza kwamba wavuvi wa pwani ile hawamgeuzi samaki mezani, wasije wakapinduka na chombo. Mjomba aliitikia kwa kichwa, akamwambia Mama kwamba watu hawa wanaijua bahari.

Mama alikuwa na shida yake. Kioo cha katikati kilizunguka, sahani zikampita, naye akawa anachota kidogokidogo akisubiri wali. Kwetu kitoweo hufuata wali. Ulipofika hatimaye, baada ya mboga, wengine walikuwa wameshiba, na Mama ndiye aliyeula kwa dhati, akiuchanganya na mchuzi wa nyama uliobaki. Mwenye nyumba alifurahi sana kumwona, akamwongezea kwa mkono wake.

Lakini kilele cha karamu kilikuwa chakula cha nne. Jongoo waliletwa weusi, wanang'aa, juu ya mboga za kijani. Mjomba alimgeuza mmoja kwa kijiko, akamtazama tumboni, akambonyeza. "Jongoo mchanga," akasema. Akamkata, akapitisha ukucha kwenye ngozi, akatuonyesha chembe nyeupe. "Aliyemtengeneza alikuwa na haraka. Hakusugua chokaa."

Mpwa wangu alisita kutafsiri. Mwalimu wake ndiye aliyesema atafsiri, na mpishi mkuu akaitwa. Mpishi alichukua kipande kile, akakisugua kwa kidole, akainama kidogo. Kisha akavuta kiti. Alitaka kujua wanafukiwa kwa muda gani na kwenye mchanga wa namna gani, na kwa nini wengine hunuka moshi. Mjomba alimweleza kuhusu majani ya mpapai yanayosaidia kuondoa chokaa, na kuhusu moshi wakati wa masika, pasipo jua la kuanikia. Mpishi naye akaeleza kwamba jongoo hana ladha yake mwenyewe, ndiyo maana kazi yote imo kwenye mchuzi uliochemka muda mrefu. Mjomba akaonja, akatafuna polepole, akakiri kwamba ladha kweli ni ya mchuzi, na kwamba ulaini ule unapatikana tu kama mvuvi hakumharibu wakati wa kuchemsha mara ya kwanza.

Mpishi alimuuliza pia kuhusu pauni, aina kubwa zenye bei ya juu. Mjomba akasema mwambani walikwisha kuwa haba yeye mwenyewe akiwa bado anazamia, na kila mwaka ilibidi kushuka chini zaidi. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi wa jongoo mwanzoni mwa miaka ya 2000, naye akaacha. Tangu mwaka 2020 biashara ya kimataifa ya pauni iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Siku hizi Zanzibar wako watu wanaofuga jongoo mchanga katika mazizi ya baharini. Mpishi alitikisa kichwa, akasema chakula kinachotoka kwa shida namna hiyo hakifai kubakizwa. Wakakimaliza.

Ninaipenda familia yangu, na ninajua Mama alitenda kwa mapenzi. Lakini wazee wetu tunawaondolea mambo mengi kwa jina la huruma: safari, habari nzito, deni la ndugu, chakula. Tunapanga wenyewe, kisha tunawaletea kilichobaki. Pale mezani mtu tuliyetaka kumkinga ndiye pekee miongoni mwetu aliyekijua kile chakula, na kama meneja asingepiga simu kwa ajili ya hesabu ya sahani, Mjomba angerudi Mafia bila kuona mwisho wa kazi ya maisha yake.

Sasa kwetu orodha ya karamu, iwe ya harusi, maulidi au kuhitimu, husomwa mbele ya wazee kabla ya senti kutoka. Dada anasema inachelewesha malipo. Mama anasema inaleta mabishano. Mjomba anasema ni haki yake kuulizwa, na mimi niko upande wake.